Subira si kungoja tu

Pale Mulungwishi, kwenye barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, msafiri akisema "nasubiri gari" ana maana anangoja tu. Neno limepungua uzito. Kwa Kiarabu, lilikotoka, sabr ni kuzuia, hata kumfunga mtu asitoke. Ndiyo maana mwanachuoni wa Kiislamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliigawa subira mafungu matatu: kudumu katika ibada, kujizuia na maasi, kustahimili misiba. Gari halimo! Mfungaji wa Ramadhani, tende i mkononi na jua halijazama, huyo ndiye anayesubiri hasa: chakula ni chake, njaa ni yake, na hakuna anayemzuia ila yeye mwenyewe. Aliyekosa gari, kwa maoni yangu, aseme anangoja.