Namna Bunia ilijifunza kusikiliza motere

Kamioneti ikizimika kati ya Bunia na Komanda, hasara si ya shofa peke yake. Ndani kuna mgonjwa, kuna unga, kuna familia inayokimbia. Kwa hiyo historia ya motere inatuhusu sisi wote.

Dhahabu ya Ituri ilionekana mwaka 1903, na uchimbaji wa Kilo ulianza 1905. Siku zile mizigo ilibebwa kichwani, na wazee wetu wengi walilazimishwa kazi hiyo. Kisha machimbo ya Kilo-Moto yalitaka barabara, barabara zikaleta malori, na malori yakataka mafundi.

Vita ya 1999 mpaka 2003 ilivuruga kila kitu. Mwezi wa tano 2003 watu kwa maelfu walikimbia Bunia, wengi kwa miguu kuelekea Beni. Hapo kila mtu aliona bei ya gari linalotembea.

Mpaka leo mafuta mengi tunayanunua pembeni ya barabara, kwa bidoni na chupa. Katika miji mingi ya Kongo muuzaji wake anaitwa Kadhafi, jina la mtawala wa Libya, nchi ya petroli. Bidoni ikiwa na maji ao mchanga, ugonjwa unaanzia hapo.

Fundi mzuri hafungui motere mbio. Anauliza kwanza. Gari la mazutu likikosa nguvu kwenye mlima na kutoa moshi mweusi, mara nyingi hewa haitoshi: vumbi limeziba filtre ya hewa. Likikosa nguvu bila moshi, angalia filtre ya mazutu. Likitetemeka wakati limesimama, pengine hewa imeingia kwenye bomba la mazutu, ao enjekteri moja imechoka.

Na sauti? Simamisha gari, kanyaga mafuta. Sauti ikiongezeka, iko kwenye motere. Ikisikika tu gari likitembea, tafuta kwenye magurudumu na ressort. Lakini motere ikigonga kama nyundo, zima papo hapo, pima huile. Ukiendelea, utalipa motere nzima.

Baba shofa, kabla ya kupakia watu, funga radio, hata kama ni sisi tunaosema, na usikilize motere dakika tano.