Nani Aliuzuia Mnyororo? Historia Fupi ya Polima, Kutoka Chini ya Turubai

Nilikulia Nakivale, upande unaopakana na Ngarama, chini ya turubai jeupe. Nyuzi zake za ndani hutengenezwa kwa njia nyingine, lakini ngozi inayozuia mvua ni polithini laini, ambayo huundwa kwa radikali huru. Nilipokuja Mbarara kusoma kemia, nilijifunza nani waliigundua. Swali lililonibakia ni hili: nani alifundisha minyororo yake kukoma?

Polithini ilipatikana mwaka 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett wa ICI, Uingereza, walipoibana ethilini kwa shinikizo kubwa sana. Radikali moja hushika molekuli ya kwanza, hiyo hushika ya pili, na mnyororo hurefuka. Ukirefuka mno, plastiki iliyoyeyushwa hukataa kutandazwa. Ukiwa mfupi mno, utando huchanika.

Mwaka 1937 Paul Flory alieleza kwamba mnyororo unaokua unaweza kunyang'anya molekuli nyingine atomu ya hidrojeni. Mnyororo huo hukoma, na molekuli iliyonyang'anywa huanzisha mwingine. Basi ukitia dutu inayoachia hidrojeni kwa urahisi, yaani kihamisha-mnyororo, unapata minyororo mingi mifupi badala ya michache mirefu.

Vita viliifanya nadharia hiyo kuwa jambo la dharura. Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya, penye mashamba makubwa ya mpira. Katika Kongo ya Wabelgiji, walikotoka majirani zangu wengi, watu walirudishwa msituni kugema mpira wa mwitu. Marekani nayo ilitengeneza mpira wa viwandani kwa butadieni na stairini, ikitia kiasi kidogo cha dodesili merkaptani. Bila kihamisha hicho, mpira ulikuwa mgumu mno kufinyangwa kuwa tairi. Vitabu vyetu husimulia habari za kiwanda. Za msituni nilizisikia kwa wazee.

Hata hivyo, merkaptani ilikuwa na kasoro: mnyororo uliokatwa haukukua tena, na urefu haukulingana. Mwaka 1998 watafiti wa CSIRO, Australia, wakiwamo Ezio Rizzardo, Graeme Moad na San Thang, walitangaza mbinu iitwayo RAFT. Kihamisha chake chenye salfa hakiui mnyororo. Huulaza, kisha huuachia uendelee, kwa zamu, hata minyororo yote ikakaribia kulingana.

San Thang alizaliwa Saigon mwaka 1954, akaingia Australia mwaka 1979 akiwa mkimbizi. Jambo hilo halikuwamo katika somo letu, na sidai kwamba ukimbizi ndio uliomfanya mwanakemia. Alikuwa amekwisha kusoma kemia kwao. Ninachodai ni kwamba elimu aliyokuja nayo haikutupwa: alipewa nafasi ya kuiendeleza. Nakivale nawafahamu walimu na wauguzi ambao vyeti vyao vimekaa ndani ya mifuko ya plastiki tangu walipovuka mpaka. Historia ya polima inanifanya niulize ni nani atakayewaachia waendelee.