Ulanzi: kileo kisichogusa ghala

Wanywaji wa Kihesa wanajua: mvua zikikata, na ulanzi unakwisha. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hutega mbeta ikusanye utomvu, kisha hurudi kila siku kukata upya. Haongezi kitu, hamira ya porini huigeuza sukari kuwa kilevi humo humo. Ukiwa mpya ni mtogwa, mtamu. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo, ndugu yangu, kaa karibu na ukuta.

Pombe ya ulezi hula nafaka, na msimu wa mvua ndio ghala hukaukia. Wajerumani walipomsaka Mkwawa, hadi alipojiua mwaka 1898, waliteketeza chakula cha Wahehe. Katika nchi iliyopitia hayo, kileo kisichogusa ghala si jambo dogo.

Ila chipukizi lililogemwa halikui likawa mwanzi wa kujengea. Mwenye kichaka huamua mapema: machipukizi yapi ya kunywa, yapi ya paa.