Ruhusa ya kuvua mu Luapula: tangu mwenye kiziba mpaka Leta mbili

Wanafunzi wangu wa Kasenga huuliza mara nyingi: kwa nini mtu wa ng'ambo anaitwa Muzambia, na yeye anasema Kibemba kama sisi, anakula samaki wa mto huu huu? Ninawarudisha ku mwaka 1894. Tarehe 12 Mei, Waingereza na mfalme Léopold II walipatana kwamba mpaka ufuate mto Luapula, pale kwenye mkondo wa kina. Mu ziwa Mweru waliupinda mstari ili kisiwa cha Kilwa kibaki kwa Waingereza. Njo maana mtu akisimama mu Kilwa yetu, mji, anaona Kilwa ingine mbele yake mu maji, na ile ni Zambia.

Mbele ya mstari huo, ruhusa ya kuvua ilitoka wapi? Hadithi ya Nachituti inajulikana ku ng'ambo zote mbili. Kaka yake Nkuba, mkubwa wa Bashila, alimwua mtoto wake. Nachituti akaenda kumlilia Mwata Kazembe wa Balunda, naye akamshinda Nkuba. Mama yule akamtolea Kazembe kitunga cha udongo na kibuyu cha maji, ni kusema inchi na ziwa. Lakini tuangalie vizuri: Kazembe alipata heshima na ushuru, viziba vyenyewe vilibaki na wenyewe wa zamani. Mgeni alifika kwanza kwa mwenye kiziba. Huyu ndiye aliyewaomba bankambo na kufungua siku za kuvua, na samaki wakitoka alipewa fungu lake. Sisemi alikuwa malaika. Wengine walijipendelea sana. Hata hivyo ruhusa yake ilishika mambo mawili pamoja, mahali na wakati.

Kisha migodi ikaja. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na wafanyakazi wake walihitaji chakula. Wagiriki wakakaa Kasenga, wakanunua samaki kwa mashua, wakawaweka mu barafu na kuwapeleka kwa malori mpaka Elisabethville. Amri ya 21 Aprili 1937 ikaweka uvuvi wa Kongo chini ya sheria ya Leta; ng'ambo ile, Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa na sheria zake. Karatasi ya mvuvi ikawa na nguvu mpaka katikati ya mto tu.

Samaki mpumbu hakuwa na karatasi. Mvua za kwanza zikinyesha, alitoka mu ziwa na kupanda mto kutaga mayai, na nyavu zilimngojea kushoto na kuume. Mayai yake nayo yaliuzwa. Ni nani angeacha kuvua, akimwona mwenzake wa ng'ambo anajaza mtumbwi? Karibu na mwaka 1950 mpumbu walikuwa wamepunguka kabisa. Watu wakageukia pale, na nyuma, tangu miaka ya 1970, wale chisense wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa.

Leo Zambia hufunga uvuvi wa Luapula na Mweru kila mwaka tangu 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Huku kwetu jimbo nalo limekwisha kutangaza kufunga mu miezi ya mvua. Hapo ninaona akili ya mwenye kiziba inarudi, ile ya wakati. Ile ya mahali ingali imekatwa vipande viwili.

Mjomba wangu alilipa karatasi yake huku. Usiku moja maji yalivuta nyavu zake kupita katikati. Watu wa doria wa ng'ambo wakamkuta, akawaonyesha karatasi. Wakamjibu: "Baba, hii ni ya kwenu." Nyavu tatu zikaenda. Aliuza kinga yake kununua zingine, na tangu siku ile haendi tena mu maji ya kina. Anatega karibu na matete, ku ukingo wetu, pale ambapo pale wanachimba viota vyao.