Karnak: Mahekalu ya Misri yanayomtaka mgeni ajiandae kabla ya kuyazuru

Wageni wanaofika Misri kwa siku chache aghalabu huishia Cairo. Hupigwa picha mbele ya piramidi za Giza, hununua manukato sokoni, kisha hurejea uwanja wa ndege. Ilhali zaidi ya kilomita 600 kusini mwa jiji hilo, katika mji wa Luxor ulio ukingoni mwa Mto Nile, kuna majengo ya ibada ambayo ujenzi wake uliendelea kwa karibu miaka 2,000. Ni mahekalu ya Karnak, ambayo shirika la UNESCO liliyaorodhesha mwaka wa 1979 kuwa turathi ya dunia, pamoja na magofu mengine ya mji wa kale wa Thebes.

Karnak si mahali pa kukurupukia. Anayefika bila maandalizi huzunguka juani kwa saa moja, huona mawe mengi, na hutoka akiwa na kiu tu. Nauli, viza na malazi ni gharama ambazo familia nyingi haziwezi kuzibeba mara mbili. Ni heri basi msafiri ajue mapema anachokwenda kukiona.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Karnak si hekalu moja. Ni mkusanyiko wa mahekalu yaliyogawanyika katika nyua kuu tatu: ua wa Amun, aliyekuwa mkuu wa miungu ya Thebes, ua wa mkewe Mut, na ua wa Montu, mungu wa vita. Wamisri wa kale walipaita Ipet-isut, yaani mahali palipoteuliwa kuliko pengine pote. Takriban mafarao 30 waliongeza chochote kile hapo, kila mmoja akitaka jina lake lisomwe. Wengine walibomoa kazi za waliowatangulia na kuyatumia mawe yake kujazia kuta zao wenyewe. Mgeni wa kawaida huona ua wa Amun peke yake, na huo pekee unatosha kumaliza asubuhi nzima.

Jambo la pili, ambalo waelekezi wengi husahau kulitaja, ni kwamba anayeingia Karnak kwa lango la magharibi hutembea kinyumenyume katika historia. Hekalu lilianzia katikati, likapanuliwa kuelekea nje. Lango linaloitwa la kwanza, lenye minara miwili mipana iliyosimama mithili ya ngome, ndilo lililojengwa karibu mwishoni. Hudhaniwa kuwa kazi ya Nectanebo wa Kwanza, aliyetawala katika karne ya nne Kabla ya Kristo, na halikumalizika. Nyuma yake, upande wa ndani, lingalipo tuta la matofali ya udongo ambalo wajenzi walilitumia kupandishia mawe. Wageni wengi hulipita bila kulitupia jicho, nalo ni miongoni mwa mambo machache yanayoonyesha waziwazi jinsi mawe yalivyofikishwa juu.

Katika ua wa kwanza husimama nguzo moja ndefu, iliyobaki kati ya kumi zilizojengwa na Taharqa. Huyu hakuwa mwenyeji wa Thebes. Alitoka Kush, nchi iliyokuwa katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Sudan, na aliitawala Misri kuanzia mwaka wa 690 hadi 664 Kabla ya Kristo. Wasomaji wa Biblia humfahamu kwa jina la Tirhaka. Kwa mgeni anayetoka Afrika Mashariki, nguzo hii inastahili kutazamwa kwa makini, kwani mara nyingi historia ya Misri husimuliwa kana kwamba nchi hiyo haikuwa na majirani upande wa kusini.

Baada ya lango la pili ndipo panapoanza ukumbi wa nguzo, na hapa ndipo mpango wa safari unapopimwa. Ukumbi huo una eneo la takriban mita mraba 5,000 na nguzo 134 zilizopangwa katika safu 16. Nguzo 12 za katikati zina urefu wa karibu mita 21. Seti wa Kwanza na mwanawe, Ramesses wa Pili, ndio waliouchonga na kuupaka rangi katika karne ya 13 Kabla ya Kristo. Anayeinua macho kwenye miamba ya juu, ambako mvua na jua havikufika, ataona rangi hizo zingali hai. Mapema asubuhi, mwanga hupenya kwa ubavu kati ya nguzo na maandishi huonekana kwa kina. Adhuhuri, jua likiwa utosini, michoro hiyohiyo hufifia.

Hivyo basi, saa ya kufika ni muhimu kuliko hoteli ya kulala. Milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mabasi yanayoleta watalii kutoka fuo za Bahari ya Shamu, hususan mji wa Hurghada, huanza kumiminika kabla ya adhuhuri. Anayeingia mapema na kwenda moja kwa moja hadi kwenye ukumbi wa nguzo, kisha akarudi kuutazama ua wa kwanza wakati wa kutoka, hupata walau nusu saa ya utulivu.

Msemaji wa Kiswahili ana faida moja hapa, na mtego mmoja. Faida ni kwamba maneno mengi ya Kiarabu atayatambua: sita, saba, tisa, dakika, hata bakshishi. Mtego ni wa saa. Dereva Mmisri akisema atakuja saa “sitta”, hasemi saa sita ya Waswahili, bali saa kumi na mbili. Misri iko nyuma ya Kenya kwa saa moja wakati wa majira ya baridi, lakini tangu mwaka wa 2023 nchi hiyo ilirejesha desturi ya kusogeza saa mbele kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Oktoba, na katika kipindi hicho saa za Cairo na Nairobi hulingana.

Mbele ya ukumbi wa nguzo kuna obeliski ya Malkia Hatshepsut, jiwe moja la matale lenye urefu wa karibu mita 30 na uzito wa zaidi ya tani 300. Lilichongwa machimboni Aswan, likasafirishwa kwa mashua wakati wa mafuriko ya Nile. Pacha wake ilianguka, na ncha yake imelazwa karibu na ziwa takatifu, ambapo mgeni anaweza kuyaona maandishi yake kwa karibu. Farao aliyemfuata Hatshepsut, Thutmose wa Tatu, aliizungushia ukuta obeliski iliyosimama. Waelekezi hupenda kulieleza jambo hilo kama kisasi cha mtoto wa kambo. Hadithi ni tamu, lakini wataalamu wengi hawairidhii. Lililo wazi ni kwamba ukuta uliihifadhi sehemu ya chini.

Anayesonga ndani zaidi atafika kwenye uwanja ulio karibu mtupu. Hapo ndipo palipokuwa hekalu la kale zaidi, lililojengwa takriban miaka 1,900 Kabla ya Kristo, ambalo mawe yake yalichukuliwa zamani. Wageni huuvuka uwanja huo wakidhani hauna maana. Ng'ambo yake kuna jumba la sherehe la Thutmose wa Tatu, lenye chumba kilichochorwa mimea na wanyama wa nchi za kigeni. Karne nyingi baadaye Wakristo waligeuza jumba hilo kanisa, na alama za picha zao za watakatifu zingali kwenye baadhi ya nguzo.

Kando ya ziwa takatifu kuna sanamu kubwa ya mdudu tuta-mavi, ambayo watalii huizunguka mara saba wakitafuta bahati. Ni burudani ya siku hizi, si ibada ya kale. Afadhali dakika hizo zitumiwe kwenye ukuta wa nje wa kusini, karibu na ua wa kwanza, ambapo Shoshenq wa Kwanza aliorodhesha miji aliyoivamia nchini Palestina. Wanahistoria wengi humtambua kuwa ndiye Shishaki anayetajwa katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Hekalu la Khonsu, lililo kwenye pembe ya kusini-magharibi, halina umati na lina rangi zilizosafishwa vizuri.

Baadhi ya wanaume waliovaa kanzu humwashiria mgeni aingie pembe zilizozuiliwa kwa kamba, kisha humtaka bakshishi. Mgeni hana wajibu wa kuwafuata. Mwelekezi mwenye kibali hupatikana kupitia hoteli, na ada yake ikubaliwe kabla ya kuanza. Tiketi za wageni wa kigeni ni ghali kuliko za wenyeji, na wanafunzi wenye kitambulisho cha kimataifa hulipa nusu. Msafiri abebe kadi ya benki, kwa kuwa maeneo mengi ya kale ya Misri yameacha kupokea fedha taslimu. Kupiga picha kwa simu hakuna malipo, lakini ndege zisizo na rubani zimepigwa marufuku.

Kuta zisiguswe. Mawe ya Karnak hufyonza maji ya chini ya ardhi, na chumvi inayopanda nayo huyala kuanzia msingi. Mnamo Oktoba 1899 nguzo 11 za ukumbi ziliporomoka kwa siku moja, na Mfaransa Georges Legrain alitumia miaka mingi kuzisimamisha upya. Ni Legrain huyohuyo ambaye, kuanzia mwaka wa 1903, alifukua mamia ya sanamu za mawe na maelfu ya zile za shaba zilizokuwa zimezikwa uani.

Miezi inayofaa ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Kiangazi, joto la Luxor hupita nyuzi 40, na kivuli ni haba. Hoteli huwa nafuu wakati huo, lakini mwenye wazee au watoto wadogo asishawishike na bei. Kofia, maji na viatu vya kutembelea mchangani ni vya lazima msimu wowote. Katika mwezi wa Ramadhani, saa za kufunga hubadilika.

Mkenya aulize ubalozi wa Misri jijini Nairobi kuhusu viza kabla ya kulipia tiketi. Misri hutaka pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano kutoka kwa wanaoingia wakitokea Kenya, na chanjo hiyo hutolewa angalau siku kumi kabla ya safari. Kutoka Cairo, ndege hufika Luxor kwa takriban saa moja. Garimoshi huchukua karibu saa kumi, nalo humpitisha abiria kwenye mashamba ya bonde la Nile.

Kuanzia Novemba 25, 2021, njia ya kale yenye urefu wa kilomita 2.7, iliyopangwa sanamu za sfinksi pande zote mbili, iliunganishwa tena na Hekalu la Luxor lililo upande wa kusini. Mwenye nguvu anaweza kuifuata kwa miguu jua linapopungua. Hekalu la Luxor huwa wazi hadi usiku, taa zikiwashwa, na msikiti wa Abu Haggag uliojengwa ndani ya kuta zake ungali unaswaliwa.