Mahali Ambapo Katapila Haliingii

Anayeishi Nyahanga, katika Manispaa ya Kahama, amezungukwa na namna mbili za kuchimba dhahabu. Ya kwanza ni Buzwagi, shimo la wazi lililo kilomita chache tu kutoka mjini. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2009 kwa makatapila na malori makubwa, uchimbaji ukakoma 2018, mtambo ukaendelea kusaga akiba ya mawe hadi 2021. Ya pili ni maduara, kama yale ya Mwime: mashimo ya wachimbaji wadogo yanayoshuka makumi ya mita, na mdomo wa kila moja unamtosha mtu mmoja na kamba yake.

Magazeti na vitabu vimeandika sana juu ya namna ya kwanza. Hii ya pili ndiyo yenye historia ndefu ya ubunifu, na ndiyo iliyoua watu wengi bila habari zao kufika mbali.

Chanzo cha yote ni mwamba wenyewe. Sehemu kubwa ya dhahabu ya ukanda wa Ziwa imo katika mikanda ya mawe ya kwarizi iliyopenya ndani ya miamba ya kale sana. Mkanda mmoja unaweza kuwa mwembamba kuliko mabega ya mtu, ukashuka chini kwa mwinuko mkali. Mchimbaji anayeufuata ana njia mbili. Aondoe kilima kizima, kazi inayotaka mtaji wa kampuni kubwa, au achimbe kwa upana wa mkanda na mwili wake tu, asipoteze nguvu kwenye jiwe lisilo na kitu. Mwenye nyundo na moko, chuma cha kutobolea mwamba, hana budi kufuata njia ya pili.

Wajerumani waliona dalili za dhahabu Geita mwaka 1898, lakini mgodi wao wa kwanza wa maana ulikuwa Sekenke, Iramba, uliofunguliwa 1909. Geita ilisubiri hadi Waingereza. Kampuni ya Kentan Gold Areas iliipima mwaka 1930, na kuanzia 1936 hadi 1966 Geita ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote Afrika Mashariki, ukitoa takriban wakia milioni moja. Dhahabu hiyo ilitoka chini ya ardhi. Kama katika migodi mingine ya zama hizo, kazi ya kutoboa na kupakia jiwe gizani ilikuwa ya vibarua Waafrika, na vumbi la kwarizi liliingia vifuani mwao.

Mgodi ulipofungwa 1966, mawe yalibaki na ujuzi ukabaki. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 ilimpa Mtanzania wa kawaida nafasi ya kuomba eneo lake la kuchimba, na mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kwa bei iliyovutia, watu walimiminika. Ndipo zilipopamba moto zile rashi: habari inavuma kwamba pahali fulani dhahabu imetoka, na baada ya wiki chache porini pamesimama kijiji cha mahema ya turubai, mama lishe, fundi wa moko na wanunuzi wenye mizani mfukoni. Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa mkoani Geita, na Bulyanhulu wilayani Kahama, kote uchimbaji wa namna hiyo umeacha alama.

Duara linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ni kazi ya ufundi. Sehemu ya juu, penye udongo laini, hushikiliwa na matimba, yaani magogo yaliyopangwa kwa mraba, moja juu ya jingine, kuzuia kuta zisibomoke. Chini ya hapo mwamba unajishikilia wenyewe, au wachimbaji wanaomba Mungu ujishikilie. Kwenye kuta huchongwa vidato vya kukanyagia. Mchimbaji hushuka mgongo ukiwa umeegemea ukuta huu na miguu ikisukuma ukuta wa pili, tochi kichwani. Juu wako wenzake kwenye winchi ya mkono, ambayo mara nyingi ni gogo lenye mikono miwili lililozungushiwa kamba, wakivuta viroba vya mawe. Hewa hushushwa kwa mpira au kwa mfuko mrefu wa nailoni unaopulizwa na feni ndogo.

Chini kabisa hakuna nafasi ya kusimama. Mtu hulala ubavu, moko mkono wa kushoto, nyundo ya mpini mfupi mkono wa kulia. Mpini ni mfupi kwa sababu mrefu haupati pa kuzungukia. Moko wenyewe ni kipande cha chuma kilichonolewa ncha. Ukigonga kwarizi kutwa nzima unabutuka, hivyo hupandishwa juu kwa fundi mwenye mvuo na makaa, akaupasha moto na kuufua upya. Kompresa na mashine za kuchoronga zilipofika kwa wenye uwezo, nazo zilibidi ziwe za kushikwa kwa mikono. Mashine isiyopita mdomo wa duara haina kazi humo.

Matimba nayo yana gharama yake. Shinyanga ni mkoa ulioteseka kwa kukatwa miti hadi mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza 1986, ukafufua ngitili za Wasukuma, yaani malisho yaliyotengwa, na kurudisha vichaka. Kila duara jipya linadai magogo, na palipo na uhaba wa magogo ndipo mchimbaji huanza kubana matumizi mahali pasipofaa kubanwa.

Makampuni makubwa pia yalikutana na wembamba huo. Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996 katika mgogoro ambao majeraha yake yangalipo, ulianza kuzalisha mwaka 2001 ukiwa mgodi wa chini ya ardhi, kwa sababu mkanda wake ni mwembamba na unashuka mbali mno kuweza kuchimbwa kwa shimo la wazi. Mashine za migodi ya aina hiyo si zile za Buzwagi. Ni mitambo iliyobanwa kimo, dereva akikaa ubavuni, na kiwiliwili kinachokunjika katikati ili kikate kona za mahandaki. Kwa maneno mengine, wahandisi waliipunguza mashine mpaka ikatosha mwambani, kama fundi wa duara alivyoupunguza mpini wa nyundo.

Tatizo la wembamba huo huonekana siku duara linapobomoka. Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa ardhini. Wenzao walikwisha kata tamaa, mpaka watu waliorudi kazini waliposikia sauti kutoka chini. Watano walitolewa wakiwa hai katikati ya Novemba, siku 41 baada ya kufukiwa, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyodondoka mwambani. Januari 2017, katika mgodi wa RZ Union, Nyarugusu, watu 15, mmoja wao raia wa China, waliokolewa wote baada ya siku tatu. Agosti 2025 ikawa zamu ya Nyandolwa mkoani Shinyanga, ambako watu 25 walifukiwa. Wengine walitoka hai, wengine walitolewa maiti.

Katapila huja siku kama hizo, na ni halali lije. Lakini uzito na mtikisiko wake vinaweza kuangusha kuta zilizobaki, na kila linapochimba kwenda chini hulazimika kupanua juu. Mfano bora wa uokoaji kwa mikono umetoka India. Novemba 2023 vibarua 41 walinasa ndani ya handaki la Silkyara, jimboni Uttarakhand. Mashine kubwa ya kutoboa iliyoletwa ilivunjikia njiani. Mita kumi na kitu za mwisho zilichimbwa kwa mikono, ndani ya bomba la kutambaa, na wachimbaji wa vishimo vya makaa ya mawe, kazi ambayo nchini kwao ilikuwa imepigwa marufuku. Siku ya 17 vibarua wote walitoka hai.

Ujuzi kama huo upo tele Kahama na Geita, katika mikono ya watu wanaohesabiwa kuwa hawana ujuzi. Wanachokosa ni vifaa vya kimo chao: nguzo za chuma badala ya magogo, feni za uhakika, mashine ndogo za kuchoronga, winchi zenye breki. STAMICO, shirika la madini la taifa, imekwisha nunua mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya kupima maeneo ya wachimbaji wadogo, na hilo ni jema, ila linamsaidia mtu kujua dhahabu iko wapi. Halimsaidii kutoka.

Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu uliwekwa kuwa asilimia 6, na tangu 2019 masoko ya madini yamerahisisha kuukusanya kwa wachimbaji wadogo. Sehemu ya fedha hiyo irudi maduarani. Kila eneo lenye leseni za uchimbaji mdogo liwe na kikosi cha uokoaji cha wachimbaji wenyewe, waliofunzwa na kulipwa, wenye vifaa vinavyopita mdomo wa duara, wakae karibu kiasi cha kufika kabla ya katapila kupakiwa kwenye lori.