Hellsing Ultimate: Diski kumi, karibu miaka saba ya kusubiri

HELLSING Ultimate ni mfululizo wa katuni za Kijapani, zijulikanazo kwa jina la anime, unaosimulia vita baina ya taasisi ya siri ya Uingereza na majeshi ya wanyonya damu. Una sehemu kumi. Ya kwanza ilitoka Japani Februari 10, 2006 na ya mwisho Desemba 26, 2012.

Mfululizo huu haukutengenezwa kwa ajili ya televisheni wala majumba ya sinema. Uliuzwa katika diski, sehemu baada ya sehemu, kwa watu wa kutazama nyumbani. Njia hiyo ya biashara ndiyo iliyowapa watengenezaji uhuru wa kusimulia hadithi yote kama ilivyoandikwa. Ni njia hiyo hiyo iliyowafanya wanunuzi wakae karibu miaka saba wakiusubiri mwisho wa kisa walichokwisha kuanza kukilipia.

Asili ya hadithi

Hadithi yenyewe ni kazi ya mchoraji Kouta Hirano, aliyeanza kuichapisha mwaka 1997 katika jarida la Young King OURs. Aliikamilisha mwaka 2008, na ikakusanywa katika majuzuu 10 ya vitabu vya michoro, au manga kama vinavyoitwa Japani.

Jina la Hellsing limetokana na Abraham Van Helsing, daktari anayemwinda mnyonya damu katika riwaya ya Dracula ya mwandishi wa Ireland, Bram Stoker, iliyochapishwa mwaka 1897. Hirano alijiuliza ingekuwaje iwapo mwindaji yule asingemwangamiza adui yake, bali angemfunga na kumfanya mtumwa wa ukoo wake. Jibu ni Alucard, mhusika mkuu wa kisa hiki, ambaye jina lake likisomwa kutoka nyuma linakuwa Dracula.

Mnyonya damu wa aina hii si mumiani wa masimulizi ya Afrika Mashariki. Mumiani ni binadamu hai anayedhaniwa kuiba damu ya watu ili itengenezewe dawa. Huyu wa Ulaya ni maiti iliyoamka, ambayo damu ndiyo chakula chake, na anaweza kumgeuza mtu mwingine awe kama yeye.

Alucard yu chini ya amri ya Integra Hellsing, mkuu wa taasisi hiyo, anayeitwa kwa cheo cha Sir ijapokuwa ni mwanamke. Pamoja nao yupo mtumishi mzee, Walter, na askari polisi kijana, Seras Victoria. Katika sehemu ya kwanza, mnyonya damu anamkamata Seras na kumfanya ngao. Alucard anapitisha risasi katika mwili wa msichana huyo ili impate adui, kisha anamuuliza kama yu radhi kugeuzwa. Seras anakubali, na tangu hapo anaishi na uzito wa uamuzi huo.

Upande wa pili yupo Padri Alexander Anderson wa Iscariot, idara ya siri ya Vatikani ambayo mwandishi ameibuni. Adui mkubwa zaidi ni kundi la Millennium, masalia ya Wanazi waliojificha Amerika ya Kusini baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kiongozi wao ni mtu mfupi mnene aitwaye Meja. Hataki ardhi wala mali, bali vita kwa ajili ya vita, na askari wake 1,000 wamekwisha kugeuzwa wanyonya damu. Wanapoishambulia London, kisa kinaacha kuwa cha kuwinda wafu na kuwa cha mji mzima unaoteketea.

Kwa nini ilitengenezwa mara mbili

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa hadithi ya Hirano kutiwa katika filamu. Studio ya Gonzo ilitengeneza mfululizo wa televisheni wenye sehemu 13, ulioonyeshwa na kituo cha Fuji TV kuanzia Oktoba 2001 hadi Januari 2002. Wakati huo manga ilikuwa bado inaendelea, na vita vya London vilikuwa havijaandikwa hadi mwisho.

Kwa sababu hiyo mtunzi wa maandishi ya filamu, Chiaki J. Konaka, alilazimika kubuni njia nyingine. Millennium haionekani kabisa, na nafasi ya adui mkuu inachukuliwa na kiumbe aitwaye Incognito, ambaye hayumo katika kitabu. Mfululizo huo ulisifiwa kwa muziki wa Yasushi Ishii na kwa sura yake ya giza, lakini wasomaji wengi wa manga hawakuridhika kuona hadithi waliyoipenda ikiishia pengine.

Hellsing Ultimate ulikuja kulijibu lalamiko hilo. Safari hii kazi ilifuata kitabu tangu ukurasa wa kwanza. Sauti ya Alucard ilibaki kuwa ya Jouji Nakata, Integra akaigizwa tena na Yoshiko Sakakibara, na Seras na Fumiko Orikasa. Muziki ulitungwa upya na Hayato Matsuo.

Uhuru wa diski na gharama yake

Japani ina utamaduni wa siku nyingi wa anime zinazouzwa moja kwa moja kwa mtazamaji wa nyumbani. Ya kwanza kuuzwa hivyo ni Dallos ya mwaka 1983, na visa vya wanyonya damu vilifuata mapema: Vampire Hunter D mwaka 1985 na Vampire Princess Miyu mwaka 1988.

Kipindi cha televisheni hufungwa na muda wa nusu saa pamoja na matangazo ya biashara, hutakiwa kuwa tayari kila wiki, na damu ikizidi kituo hukata. Diski haina masharti hayo. Sehemu nyingi za Hellsing Ultimate zina urefu wa kati ya dakika 40 na saa moja, kila moja ikikatwa mahali ambapo hadithi inaruhusu. Mashambulizi ya London yameonyeshwa kwa ukatili ambao televisheni ya kawaida isingeuvumilia, na bila ukatili huo maneno ya Meja kuhusu vita yangebaki hotuba tupu.

Gharama yake ilikuwa muda. Sehemu nne za kwanza zilitengenezwa na studio ya Satelight chini ya mwongozaji Tomokazu Tokoro. Ya tano hadi ya saba zilichukuliwa na Madhouse chini ya Hiroyuki Tanaka, na tatu za mwisho zikamaliziwa na Graphinica. Baada ya sehemu ya saba kutoka Desemba 2009, ya nane haikuonekana hadi Julai 2011, miezi 19 baadaye. Hirano mwenyewe alikuwa amekwisha kumaliza manga yake mwaka 2008, hivyo msomaji alijua mwisho miaka minne kabla ya mtazamaji.

Wakati huo huo soko lilikuwa likibadilika. Sehemu ya kwanza ilipotoka katika DVD, Blu-ray ilikuwa bado haijaanza kuuzwa. Ya mwisho ilipotoka, aina zote mbili zilikuwa madukani.

Pigo la Marekani

Wanunuzi wa Marekani walikuwa na shaka kubwa zaidi. Huko mfululizo ulisambazwa na tawi la Geneon, kampuni ile ile iliyougharimia Japani. Septemba 2007, wakati hata Japani zilikuwa zimetoka sehemu tatu tu kati ya kumi, tawi hilo lilitangaza kusitisha usambazaji wake. Aliyenunua diski za mwanzo akabaki na hadithi nusu, bila kujua iwapo atapata nyingine.

Mwaka 2008 kampuni ya Funimation ilichukua usambazaji wa kazi kadhaa za Geneon, Hellsing Ultimate ikiwamo. Sehemu nane za kwanza zilitolewa mwaka 2012 katika makasha mawili yenye DVD na Blu-ray, na mbili za mwisho mwaka 2014. Mwaka huo pia mfululizo wote ulionyeshwa Marekani katika Toonami, kipindi cha usiku cha Adult Swim. Crispin Freeman, aliyempa Alucard sauti ya Kiingereza katika mfululizo wa mwaka 2001, aliendelea hadi mwisho.

Anayenunua leo

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuagiza, jambo la kwanza ni kuangalia alama ya eneo. DVD za Marekani ni za eneo namba 1, za Japani namba 2, na nchi nyingi za Afrika zimewekwa namba 5. Kwa Blu-ray, Japani na Marekani ni eneo A, ilhali Afrika na Ulaya ni eneo B. Diski iliyofungwa kwa eneo moja haitacheza katika mashine ya eneo jingine, isipokuwa mashine hiyo iwe ya maeneo yote.

Jambo la pili ni umri wa watazamaji. Hii ni katuni kwa maana ya michoro tu. Ina mauaji ya kikatili, Wanazi, na matusi kwa dini, na si ya kuachiwa watoto.

Jambo la tatu ni thamani ya diski yenyewe. Funimation iliunganishwa na Crunchyroll, na Aprili 2024 huduma yake ya intaneti ilifungwa. Wateja waliokuwa na nakala za kidijitali za filamu za kampuni hiyo, zilizokuja pamoja na diski walizonunua, walizipoteza. Diski zenyewe hazikuguswa, na zilizo kabatini zinaendelea kucheza.